Waya unalegea, pini inapotea: kutafuta chanzo kwenye boti ndogo ya tanga

Mlingoti wangu ulianguka mchana kweupe ndani ya Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, upepo wa wastani, Munyonyo ikionekana nyuma yangu. Waya haukukatika. Bolti hazikung'oka. Kilichokatika ni msumari wa inchi mbili niliokuwa nimeukunja mahali pa spliti pini (ile pini ndogo ya miguu miwili inayozuia pini kubwa ya waya isichomoke), kwa sababu spliti pini ilinidondokea majini nami sikuwa na nyingine. Nusu ya msumari ule niliiokota sakafuni mwa boti. Ulikuwa umeliwa na kutu kuzunguka pande zote, na katikati palibaki chuma kinachong'aa, chembamba kama sindano. Hicho ndicho kilichokuwa kimeshika mlingoti wa mita sita.

Tangu siku hiyo, mtu akiniita nimtazamie boti, swali langu la kwanza haliwi kama vitu vimekazwa. Huuliza kila kinachoweza kuzunguka au kuchomoka kimezuiwa na nini. Kukaza ni jambo moja, kufunga ni jambo jingine, na hitilafu nyingi zilizomo humu zinatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Nimeandika kwa boti za mita nne hadi saba, za mbao au faiba, zenye waya mmoja wa mbele na nyaya mbili za ubavuni. Wenye Laser na boti nyingine ambazo mlingoti wake husimama bila waya wanaweza kuruka hadi kwenye shakeli (kiungo cha chuma chenye umbo la U kinachofungwa kwa pini) na nati. Chuma chenye skrubu pande mbili kinachovuta waya nitakiita kikazio. Bamba lililofungwa ubavuni mwa boti, ambalo kikazio kinashikwa nalo, nitaliita bamba la ubavu.

Kabla hujashika spana

Tazama juu. Kwenye fukwe zetu nyingi nyaya za umeme zinapita juu ya njia ile ile tunayosukumia boti. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme, au hata ukikaribia sana ule wa msongo mkubwa, aliyeushika anaweza kufa hapo hapo. Mlingoti wa mbao uliolowa nao si salama. Usimwamini mtu anayekuambia laini hiyo haina moto siku hizi. Sogeza boti.

Ukisikia radi, hata ya mbali, acha kazi uondoke kwenye mlingoti. Eneo hili la Ziwa Viktoria lina ngurumo nyingi mno, na mara nyingi mlingoti ni miongoni mwa vitu virefu zaidi pale ufukweni.

Usipande mlingoti wa boti ndogo. Ulaze chini. Tandika turubai au hata shuka kuukuu chini ya mahali unapofanyia kazi, ili pini ikidondoka uione. Ikiangukia majini karibu na majani ya ufukweni, iache iende. Kichocho kimo humo, na pini haifiki bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai.

Waya unalegea ukiwa safarini

Hili ndilo naulizwa kuliko yote. Anza kwa kujiuliza ni upande gani. Tanga likishika upepo, mlingoti huinamia upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, na waya wa upande huo hulegea kidogo. Hiyo ni kawaida. Geuza boti, upepo uje kwa upande wa pili, utazame tena. Waya ule ule ukikaza na mwenzake ukalegea, hakuna hitilafu, labda unahitaji kukaza zote mbili kwa mzunguko mmoja tu. Lakini waya ukining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, au ukalegea hata upepo unapokuja kwa upande wake, una kazi ya kufanya.

Sababu inayoongoza ni kikazio kujizungusha. Kijana mmoja wa Ggaba alinijia akiwa amekata tamaa. "Mzee, nimekaza jana jioni, leo mchana umelegea tena." Nikamwambia, "Mwanangu, ulikaza, hukufunga." Waya umesokotwa. Ukivutwa unataka kujisokotoa, na kila wimbi linavuta na kuachia. Skrubu moja ya kikazio ina meno ya kulia na nyingine ya kushoto, ndiyo maana ukizungusha mwili wake pande zote mbili zinakaza pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo, mwili ukijizungusha kinyume, pande zote mbili zinafunguka kwa mara moja. Mizunguko michache tu inatosha kupoteza mvutano wote.

Kagua hivi. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa kikazio, juu na chini. Safiri saa moja. Mistari ikiachana, umempata mkosaji. Dawa yake ni spliti pini katika tundu la kila skrubu, au waya laini wa stenlesi unaopita tundu la skrubu ya juu, ukapita katikati ya mwili, ukaishia tundu la skrubu ya chini, ncha zikasokotwa. Wengine hutegemea nati mbili ndogo za kubanana na mwili. Nimeziona zikilegea mara nyingi mno, sizitegemei peke yake.

Ukiwa hapo, tazama meno mangapi yamebaki ndani. Skrubu iwe imeingia angalau kiasi cha unene wake: skrubu ya milimita 6 iingie milimita 6 au zaidi, kila upande. Ukiona imebaki kidogo ili waya ufike, waya ni mfupi. Usiongeze urefu kwa kufungua kikazio, ongeza shakeli ya ukubwa unaofaa au badilisha waya.

Sababu ya pili ni klampu za waya kuteleza, kwa boti ambazo kitanzi kimefungwa kwa klampu zenye umbo la U. Paka rangi kwenye ncha fupi ya waya pale inapotokeza chini ya klampu. Rangi ikisogea, waya unateleza. Mara nyingi utakuta klampu imevaliwa kinyume. Kile kiti chake kipana kinapaswa kukaa juu ya waya mrefu unaobeba mzigo, na ile U ibane ncha fupi iliyorudi. Ukigeuza, U inauma waya unaobeba na kuuponda. Tia tatu, zote zikielekea upande mmoja, zikiachana kama mara sita ya unene wa waya (waya wa milimita 4, acha kama milimita 25). Ndani ya kitanzi weka kile chuma cha mfereji kinachozuia waya kukunjika. Kaza, safiri, kisha kaza tena, kwa kuwa waya hukonda kidogo ukibeba mzigo kwa mara ya kwanza.

Waya mpya nao hunyooka siku chache za mwanzo. Ukilegea mara mbili tatu kisha ukatulia, usiwe na wasiwasi.

Sababu ya mwisho haitokei sana, lakini ndiyo inayonitisha. Waya haujarefuka, boti ndiyo imesogea. Kiti cha mlingoti kimezama, au mbao iliyoshika bamba la ubavu imeoza. Watu husema maji yetu hayana chumvi kwa hiyo chombo kinadumu. Kwa chuma ni kweli. Kwa mbao ni kinyume, maana chumvi huzuia ukungu unaoozesha mbao, na maji ya mvua yakituama kwenye kona hayana cha kuuzuia. Chukua bisibisi, uchome mbao chini ya mlingoti na nyuma ya mabamba. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inapokea ncha kama muhogo uliochemshwa. Kwenye faiba, gonga kwa mpini wa bisibisi ukisogea polepole: pazima panalia kwa ukali, palipoachana pana sauti butu.

Simama hapa. Bisibisi ikizama, au sauti ikibadilika, usikaze waya hata kidogo. Kila mzunguko wa kikazio unausukuma mlingoti chini na kulivuta bamba juu. Mwite fundi wa boti, afungue pale na kubadilisha mbao. Kujaza silikoni au epoksi juu ya mbao iliyooza ni kuificha tu.

Pini imetoka, au inatoka kidogo kidogo

Kwanza tazama kama spliti pini ilikuwapo. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa mara nyingi haikuwapo: iliondolewa mlingoti ulipolazwa, ikawekwa mfukoni. Halafu tazama kama ni ya saizi yake. Spliti pini nyembamba ndani ya tundu pana inacheza, na kinachocheza kinajikata.

Namna ya kuikunja ina maana kubwa. Watu wengi huirudisha miguu yake nyuma kabisa, ikumbatie pini kubwa, kama wanavyofanya kwenye ekseli ya pikipiki. Kwenye boti pini hii itatolewa tena na tena, na chuma kikikunjwa hadi mwisho na kunyooshwa mara kadhaa hupata ufa palepale penye kona. Ifungue miguu kidogo tu, kila mmoja upande wake, kama V nyembamba. Inatosha, haitatoka. Miguu itokeze milimita tano hivi. Mirefu zaidi ya hapo itanasa tanga, kamba na ngozi ya mguu wako. Kisha zungushia tepu mara mbili, ukiacha upenyo chini maji yatoke. Tepu iliyobana pande zote hushika unyevu na kuficha kutu, na usipoibandua miezi sita hujui chini yake kuna nini.

Pini kubwa ivishwe kichwa kikiwa juu, ili siku spliti pini ikipotea, uzito wake wenyewe uibakize mahali pake. Jambo dogo, lakini limewahi kurudisha watu nyumbani.

Ringi ndogo za mviringo, kama za funguo, zinafaa mahali ambapo kamba haipiti. Kamba ikipita karibu huifungua ringi, na huoni inapotoka.

Kama spliti pini zinakatika hata zikiwa za saizi, na zimekunjwa vizuri, pini kubwa yenyewe inazunguka. Pengine tundu la bamba limekuwa la yai. Pitisha kucha ndani ya tundu. Ukihisi ngazi, bamba limelika na linahitaji kubadilishwa. Usiweke pini nene zaidi bila kumwonyesha fundi, kwani tundu likipanuliwa, chuma kinachobaki kati yake na ukingo kinapungua.

Na msumari? Usiku umeingia, uko Kalangala kisiwani, huna kingine, unataka kuvuka kurudi. Nitakuambia nilichotamani kuambiwa: lala huko. Asubuhi funga kwa waya wa stenlesi au hata kamba imara iliyopita tunduni mara tatu na kufungwa fundo, uvuke upepo ukiwa mdogo, na ukifika ununue spliti pini ishirini.

Shakeli inajifungua

Hapa sababu ni karibu kila mara ile ile: pini ya shakeli imekazwa kwa vidole na haikufungwa. Kutikisika kunaifungua. Kaza kwa mkono hadi mwisho, ongeza robo mzunguko kwa koleo, kisha pitisha waya laini kwenye jicho la pini na kuzunguka mwili wa shakeli mara mbili. Zile zipu tai za plastiki zinafaa kwa shakeli za chini unazoziona kila siku. Chagua nyeusi. Jua letu la ikweta linazivunja nyeupe mapema, utakuta zimekatika kama biskuti. Juu ya mlingoti tumia waya.

Sababu nyingine ni shakeli kuvutwa kwa ubavu. Imetengenezwa kuvutwa kutoka pini kwenda kwenye tao. Ikilala kiubavu, inapanuka midomo, na pini haishiki meno tena. Weka shakeli mpya ya aina ile ile kando yake ulinganishe. Iliyopanuka itupe, usiigonge kwa nyundo kuirudisha.

Ukinunua Katwe au kwenye duka la vifaa vya ujenzi, shakeli utapata, lakini tafuta iliyochapwa uzito inaobeba. Shakeli isiyo na alama yoyote ni pambo. Iweke mahali pa kufungia ndoo.

Nati zinalegea kwenye mabamba na kapi

Nati yenye naili ndani haipaswi kuzunguka kwa vidole. Ikizunguka, naili imekwisha, badilisha nati. Bolti itokeze meno mawili nje ya nati, la sivyo naili haijashika chochote. Nati ya kawaida ina dawa yake, ile gundi ya nati. Chukua ya buluu inayofunguka kwa spana, kwa kuwa nyekundu hutaka moto ifunguke, na moto karibu na faiba sitaki kuuona.

Kama nati imekaza na bamba bado linacheza, washa (kile kibamba cha duara kinachokaa chini ya nati) ni ndogo mno na inazama ndani ya mbao au faiba. Weka bamba la ziada upande wa ndani, pana kuliko lile la nje, mzigo usambae. Bolti ikizunguka pamoja na nati, tundu limepanuka: mara nyingi maji yameingia, na tumesharudi kwenye mbao iliyooza. Skrubu za mbao hazifai kushika bamba la ubavu. Ziwe bolti zinazopita hadi ndani.

Kikazio au bolti haifunguki kabisa

Stenlesi kwa stenlesi ikizungushwa kavu huumana. Unahisi changarawe, kisha inakaza ghafla, na ukiongeza nguvu meno yanashikana kabisa. Ukihisi changarawe hiyo, simama. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja hata usiku kucha, kisha rudisha nyuma kidogo, mbele kidogo. Usiongeze bomba kwenye spana. Ikikataa, kata. Kikazio kipya ni nafuu kuliko kilichopasuka ndani na bado kinaonekana kizima.

Bolti ya stenlesi ndani ya mlingoti wa alumini ina ugonjwa mwingine, ule unga mweupe unaojaza meno. Mimina maji yanayochemka juu ya alumini. Alumini hupanuka zaidi ya chuma, na tundu linalegea. Rudia mara tatu nne ukitia mafuta katikati. Ikitoka, safisha na kupaka grisi kabla ya kurudisha. Kichwa cha bolti kikikatika, usitoboe mwenyewe kwa drili ya mkono, mpelekee fundi mwenye mashine ya kusimama.

Waya una miba

Pitisha kitambaa juu ya waya wote, usipitishe kiganja. Kitambaa kikinasa, uzi mmoja umekatika. Tazama hasa pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma kilichobanwa, maana hukatika hapo kabla ya kwingine. Uzi mmoja ukikatika, waya huo umestaafu. Usiufunge kwa tepu. Na usiweke waya wa breki wa baiskeli au wa klachi ya pikipiki mahali pake, hata kama muuzaji wa vipuri wa soko la Kisekka anakuapia. Umetengenezwa kwa mzigo mwingine.

Ufa kwenye kichwa hicho, hata mwembamba kama unywele, au mstari wa kutu unaotoka ndani yake, ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kubana. Hapo hakuna dawa ya nyumbani.

Mlingoti ukianguka ukiwa majini

Hesabu watu kwanza. Kila mmoja awe amevaa jaketi la kuokolea, na mbali na nyaya, kwani zinaweza kuvutwa tena na wimbi. Mlingoti ulioko majini bado umefungwa kwa boti na unaigonga. Ukiweza kuuvuta ndani kwa usalama, vuta na kuufunga. Ukiwa unatoboa ubavu, uachie: toa pini, na pini isipotoka kata waya. Ndiyo maana koleo la kukatia na spliti pini za akiba hukaa kwenye mfuko mmoja, umefungwa mahali ambapo mkono unafika ukiwa umekaa.

Tupa nanga kama kamba inafika chini, upepo usikusukume. Piga simu mapema, ukiwa na chaji na kabla ya giza. Injini iwe ya mwisho kabisa. Mtu mmoja atazame kulia, mwingine kushoto na nyuma, na isiwashwe hadi wote wawili waseme hakuna kamba wala waya uliobaki ndani ya maji.